Beringi za tairi la nyuma: mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja

Jumamosi, 13 Aprili

Jana jioni nikirudi kutoka kazini Mlali, pikipiki ilianza kuyumba mkia kama punda aliyepakiwa mzigo upande mmoja. Masika imeshika kasi, na kipande cha kutoka Mlali hadi Mzumbe ni tope tupu, hivyo kwanza nikadhani ni utelezi. Nilipotokea lami ya Sangasanga, mkia bado unayumba. Nikashuka nikabonyeza tairi, upepo upo. Nikapanda tena, na kwenye mteremko nikabana klachi na kuzima injini kabisa. Mngurumo ukabaki palepale: ngrrr, ngrrr, unaopungua kadiri mwendo unavyopungua. Kama injini imezimwa na mlio bado upo, mlio unatoka kwenye vinavyozunguka pamoja na tairi.

Leo asubuhi nimeisimamisha kwa stendi kubwa. Nimeshika tairi la nyuma, mkono mmoja juu na mwingine chini, nikalisukuma kushoto na kulia. Ko, ko, ko. Hapo wengi hukimbilia dukani, lakini bushi za mkono wa fremu, ule unaoshika tairi la nyuma, zikiisha nazo hugonga vilevile. Nikambana kijana wangu aushike mkono wa fremu kwa nguvu zote huku mimi nasukuma. Mkono umetulia, tairi linacheza. Halafu nikalizungusha taratibu, kidole kikiwa juu ya fremu. Unahisi kabisa mtetemo, kama unasaga mahindi kwa mawe.

Sasa kinachonikera. Juni mwaka jana nilibadilisha beringi hizi kijiweni. Oktoba zikafa. Nikaenda kwa fundi mwingine, akaweka nyingine, na leo Aprili zimekufa tena. Wote wawili waliniachia wosia uleule: "Ticha, nati hii usiikaze sana, tairi linakuwa zito." Nilikubali bila kuuliza, na mimi ndiye mwalimu wa Fizikia. Mara hii nafungua mwenyewe. Siyo kwa sababu ya hela ya ufundi, ni ndogo. Nataka kuona ndani kuna nini.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeanza saa mbili asubuhi, nikijipa masaa mawili. Nimemaliza saa kumi na moja jioni, na tairi bado halijarudi.

Kutoa tairi si kazi. Unafungua fimbo ya breki, unafungua chuma kinachozuia bamba la breki lisizunguke, unalegeza virekebishi vya cheni pande zote mbili huku ukihesabu mizunguko, unavuta pini, unafungua nati, unachomoa ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya tairi. Ekseli ndiyo iliyonipa habari ya kwanza. Inapaswa kuteleza kwa mkono, lakini ilitoka kwa nyundo na kipande cha mti. Nilipoifuta nikaona pale beringi zinapokalia pamelika, mifereji miwili inayong'aa. Nimeazima kalipa ya venia ya maabara, kile kipimo cha unene na kina, kwa ruhusa na kwa sahihi kwenye daftari. Sehemu nzima ya ekseli inasoma milimita 14.95. Kwenye mifereji, 14.6. Maana yake pete ya ndani ya beringi ilikuwa inazunguka juu ya ekseli badala ya kubanwa nayo. Pete ya ndani ya beringi ya tairi hili haitakiwi kuzunguka hata kidogo, inayozunguka ni ya nje pamoja na habu, yaani kitovu cha tairi. Nikaandika pembeni: *nati haikazwi, pete inazunguka*. Sikuwa nimeunganisha bado.

Sahani inayobeba sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, imetoka pamoja na raba zake. Beringi yake, namba 6204, inazunguka ila kwa ukavu, nayo itabadilishwa tu. Sili ya upande huo imechanika, na nyuma yake hakuna grisi, kuna uji mweusi wa maji na mchanga. Nakumbuka wale vijana wa kuosha pikipiki kwa presha, wanavyolenga bomba katikati ya habu ili "ing'ae". Ndugu zangu, oshea habu kwa kitambaa.

Sasa beringi zenyewe. Ndani ya habu zipo mbili, moja kila upande, na katikati yao kuna bushi, kibomba cha chuma ambacho ekseli inapita ndani yake. Ili kutoa beringi unakisukuma kile kibomba pembeni kwa bisibisi, unapata ukingo mdogo wa pete ya ndani, kisha unaugonga kutoka upande wa pili kwa nondo, huku na huku, isitoke mshazari. Nina kipande cha nondo ya milimita 12, kimenolewa ncha iwe bapa.

Ya kulia, upande wa breki, ilitoka kwa mapigo kumi na tano. Nzima. Ya kushoto nilipiga mara nne, nikasikia *tik*, na pete ya ndani ikaruka peke yake. Gololi zikamwagika kwenye beseni. Kile kizimba kinachozitenganisha kilikuwa kimeshasagika kitambo. Nikahesabu: saba. Beringi hii, namba 6202, ina nane. Ya nane aliiona kuku wa jirani, akaidonoa, akaitema.

Pete ya nje ikabaki imeng'ang'ania kwenye aluminiamu, laini ndani, hakuna pa kushika wala pa kugonga. Nilijaribu tindo, nikaona naanza kukwangua habu, nikaacha. Jirani yangu wa ukuta wa pili ni fundi wa mageti. Nikambebea tairi.

"Shikamoo fundi, nimekwama."

Akaichungulia pete, akacheka. "Marahaba, Mwalimu. Hii dawa yake moto."

Tukafunika mpira na spoki kwa gunia lililoloweshwa, waya wa athi akaubana kwenye kipande cha chuma alichokishikiza kwenye pete yenyewe. Akapitisha mshono wa kuchomelea kuzunguka uso wa ndani wa pete, mahali gololi zinapopita, mshono mmoja mwembamba usiogusa aluminiamu. Akazima mashine. Tukangoja. Ule mshono unapopoa unasinyaa, na pete inasinyaa nao, wakati habu bado ina joto na imetanuka. Dakika mbili tatu hivi. Akageuza tairi, akaligonga ardhini taratibu, na pete ikadondoka kama sarafu. Hakunitoza kitu, kaniambia nimsaidie binti yake hesabu.

Baada ya hapo ndipo nikatazama kibomba. Nilikuwa nimekitoa na kukitupa kwenye beseni bila kukiangalia. Nimekisafisha kwa mafuta ya taa, na upande mmoja nikaona meno. Meno ya kuungia bomba. Ni kipande cha bomba la maji la nusu inchi, kimekatwa kwa msumeno, ncha moja imekaa mshazari.

Nilikaa chini kabisa.

Nieleze kwa wasiojua, maana hapa ndipo kiini cha shajara hii kilipo. Ukikaza nati ya ekseli, nguvu inapita kwenye mstari mmoja: mkono wa fremu, bushi ya pembeni, pete ya ndani ya beringi, kibomba cha katikati, pete ya ndani ya beringi ya pili, bushi, mkono wa fremu. Vyote vinakuwa kitu kimoja kigumu, na habu inazunguka juu yake ikiwa huru. Kibomba kikiwa cha urefu sahihi, kaza utakavyo, gololi hazihisi lolote. Kikiwa kifupi, pete za ndani zinavutwa kuingia katikati, ilhali pete za nje zimezuiliwa na mabega ya habu. Gololi zinabanwa ubavuni. Tairi linakuwa zito.

Kwa hiyo fundi alikuwa anasema kweli. Ukikaza, linakuwa zito. Dawa yake ikawa kutokaza. Na nati isipokazwa, pete zinazunguka juu ya ekseli, ekseli inalika, tairi linayumba, beringi inapigwa, maji yanaingia. Miezi minne, miezi sita, unarudi kwake. Sidhani alifanya kwa makusudi. Huenda kibomba halisi kilipotea hata kabla yake, pikipiki hii niliinunua ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu.

Jumanne, 16 Aprili

Jana na leo nimekwenda kazini kwa daladala. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamefurahia kisa cha pete kuliko somo lote la kutanuka kwa vitu vigumu. Nimewaachia pete wapitishiane.

Jioni nimepita duka la spea. Sikusema "naomba beringi za nyuma za pikipiki ya Kichina cc 150", maana hapo utapewa chochote. Nimetaja namba: 6202 mbili, 6204 moja. Namba iko kwenye beringi ya zamani, ifute tu uone. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Hivyo 6204 ni tundu la 20. Muuzaji akaniletea zenye ZZ, yaani vifuniko vya bati. Nikaomba 2RS, zenye vifuniko vya raba pande zote mbili. Bati huacha upenyo mwembamba, raba inagusa pete. Kwa njia yangu ya tope sihitaji mjadala.

Akatoa boksi la chapa ya Kijapani inayojulikana, elfu nane kwa moja. Nikaigeuza mwangani. Namba ilikuwa imechapwa juu juu, nikaisugua kwa kidole gumba na ikaanza kufutika. "Bosi, nyingine huna?" Akatabasamu bila kubisha, akaleta chapa ambayo sijawahi kuisikia, elfu nne, namba imechongwa vizuri na inazunguka kimya. Nimechukua hiyo. Bora jina geni kuliko jina kubwa la uongo.

Pia nimenunua ekseli mpya na nati yake, sili mbili, pini ya kufungia. Jumla shilingi 27,500.

Jumatano, 17 Aprili

Leo ni kibomba. Nimeuliza maduka matatu, kila mmoja anacho cha pikipiki nyingine. Basi nikaamua kichongwe.

Urefu sikuupima kwenye kile cha bomba la maji, ningerithi kosa. Nimepima habu. Upana wa habu kutoka uso hadi uso, milimita 94.0. Kina kutoka uso wa kulia hadi bega ambapo beringi inakalia, 12.5. Cha kushoto, 13.0. Kwa hiyo bega hadi bega ni 68.5. Nimepima mara tatu kila kimoja, nikageuza kalipa, nikapata yaleyale. Kipande cha bomba: 66.9 upande mrefu. Zaidi ya milimita moja na nusu pungufu.

Nikampelekea fundi wa mashine ya kukereza mchoro: urefu 68.6, nje 21, tundu 15.5, ncha zote mbili ziwe mraba.

"Mwalimu, hizi pointi unazitafuta za nini? Si nikupe sitini na tisa tu?"

Nikamweleza: nataka kizidi bega kwa sehemu moja ya kumi tu, ili beringi ya pili ikiingia, pete yake ya ndani ikutane na kibomba kabla pete ya nje haijafika begani. Kikizidi sana, beringi inaning'inia nje ya makazi yake. Akaguna, akachukua kipande cha shafti ya zamani, akakifunga kwenye mashine. Nimesimama hapo nusu saa nikiangalia nyuzi za chuma zikijikunja za buluu. Mwisho akapima kwa kipimo chake, mimi nikapima kwa changu: 68.6 na 68.6. Elfu kumi na mbili. Ghali kuliko beringi zote mbili za habu, na sijutii hata senti.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku mbaya, naiandika yote.

Usiku niliweka beringi kwenye friza, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya samaki. Asubuhi nikasikia kutoka jikoni: "Baba watoto, hivi vyuma navyo tunavikaanga?" Nikamwomba radhi, nikachukua na sufuria la maji yanayochemka.

Hesabu yake ni hii. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Habu ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 80, tundu la milimita 35 linaongezeka kama sehemu nne za mia za milimita. Beringi ikishuka kutoka 30 hadi 15 chini ya sifuri, inapungua kama sehemu mbili za mia. Ukijumlisha unapata unene wa unywele mmoja, na unywele huo ndio tofauti ya kupiga nyundo kumi na kupiga mbili.

Nikafunga matambara kwenye habu, nikamimina maji ya moto, nikangoja, nikayatoa, nikakausha haraka. Beringi ya kulia ikaingia karibu yenyewe. Juu yake nikaweka ile beringi ya zamani iliyotoka nzima, niliyokuwa nimeipunguza kwa jiwe la grainda ili isikwame, nikagonga. Nagonga ukingo wake wa nje tu, ili pigo lipite kwenye pete ya nje. Sauti ya nyundo ilikuwa *pu, pu, pu*, halafu ghafla ikawa *teng*. Hapo imekalia bega, unaacha.

Simu ikaita. Mzazi, anaulizia ripoti ya mtoto. Nikaongea nimesimama, jicho kwenye habu inayopoa, moyo unaniambia wahi. Nikakata simu, nikageuza tairi, nikachukua beringi ya kushoto kutoka kwenye mfuko, *pu, pu, teng*. Safi kabisa. Nikanyoosha mgongo, nikatazama ndoo.

Kibomba cha elfu kumi na mbili kilikuwa kimekaa juu ya ndoo, kinang'aa.

Sitaandika nilichosema. Kuitoa ilikuwa rahisi, hakuna kibomba cha kuzuia nondo. Lakini ukiitoa beringi kwa kugonga pete ya ndani, pigo lote linapita kwenye gololi na kuacha vidimbwi kwenye njia yake. Kwa macho ni nzima. Nikaizungusha karibu na sikio, nikasikia *tiki tiki* ndogo. Nimeitupa. Elfu nne nyingine, na duka lilikuwa limeshafungwa.

Jumapili, 21 Aprili

Duka limefunguliwa baada ya ibada. Mara hii kibomba nilikifunga kwa uzi kwenye mkono wangu wa kushoto, mke wangu ni shahidi. Maji ya moto tena, beringi iliyolala friza kwa masaa matatu. Kibomba ndani kwanza, nimekipaka grisi kidogo ili kisimame katikati. Beringi ya kushoto juu yake. Nikapiga pole pole, na kila mapigo mawili nachomeka ekseli kuhakikisha kibomba kimenyooka na tundu. Safari hii *teng* ilikuwa nyembamba zaidi, ya pete ya ndani ikigusa chuma. Nikajaribu kukisogeza kibomba kwa kidole: kigumu kidogo, kinasogea kwa kulazimishwa. Ndivyo ninavyotaka.

6204 kwenye sahani ya sproketi, dakika tano. Sili mpya, mdomo umepakwa grisi. Ekseli mpya nayo imepakwa, inapita kwa kidole kimoja.

Tairi limerudi. Cheni nimeiacha na uchezaji wa kama milimita 25 katikati, alama za pande zote mbili zimelingana. Halafu nati. Nimeikaza kwa spana ndefu, kwa uzito wangu, mpaka mwisho. Nikavuta pumzi, nikazungusha tairi.

Limezunguka, limezunguka, likaanza kupunguza mwendo, likasimama, likarudi nyuma kidogo kwa uzito wa valvu. Halina sauti. Nikaongeza robo ya robo kwenye nati kwa makusudi, nikazungusha tena. Vilevile. Nikapiga pini na kuikunja.

Nimeenda nayo hadi Msamvu na kurudi. Mkia umetulia. Kasoro moja: breki ya nyuma inabana mapema, nimelegeza nati ya fimbo mizunguko mitatu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, hakuna shule. Siku nne za Mlali tayari, mbili za mvua kubwa. Nimegusa habu baada ya safari: vuguvugu upande wa breki, baridi upande wa cheni. Uchezaji hakuna. Spoki mbili zilikuwa zimelegea, nimezikaza. Cheni sawa.

Kalipa nimeirudisha maabara Jumatatu, sahihi ipo.

Jumamosi, 18 Mei

Wiki nne. Tairi jepesi, nati palepale, nimeipiga alama ya rangi na haijasogea.

Asubuhi kaja kijana wa bodaboda wa kituo chetu, yule aliyenicheka kuhusu friza. Pikipiki yake aina ileile, tairi la nyuma linaimba.

"Ticha, hii nimebadilisha Januari tu. Na nimefuata masharti, sijaikaza."

Nikamwambia alete tairi. Tumeondoa sili, nikamulika tochi ya simu kupitia tundu la ekseli. Ukuta wa ndani wa kibomba ni mbichi, una kutu, kama bomba la maji.

Kesho saa tatu tunapima habu yake. Nimemwambia aje na friza yake.